Mgema wa Machi

Tundu lenyewe ni dogo kuliko mtu anavyodhani: upana wa milimita 8, kina cha sentimita 4 au 5, basi. Jirani yangu hulitoboa kwa keekee ya mkono, ile ya kuzungusha, ingawa ya umeme anayo ghalani na betri yake imejaa. Hukiegemeza kitako cha keekee kifuani, hushusha mikono kidogo ili ncha iingie ikipanda na maji yapate mteremko wa kutokea, kisha huzungusha polepole huku akitazama maranda. Yakitoka meupe na yenye unyevu, yuko kwenye mbao hai. Yakianza kuwa ya kahawia, amegonga sehemu iliyokufa, na hapo huchomoa bila neno akahamia upande mwingine wa shina. Nilipomuuliza kwa nini hatumii ile ya umeme, alijibu kuwa ya umeme humaliza tundu kabla yeye hajaona anachokitoboa.

Hapa ni Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mti ni mmepo wa sukari, wa ukoo ule ambao jani lake limewekwa kwenye bendera ya Kanada. Kazi ni kuugema mti, kuyakusanya maji yake na kuyachemsha mpaka yageuke asali nzito ya rangi ya kaharabu, ambayo watu wa huku huimwagia chapati zao nene za asubuhi. Wapo wenye maelfu ya miti, mipira ya plastiki iliyotandazwa msitu mzima na pampu za kuvuta. Jirani yangu ana miti isiyofika ishirini, ndoo za bati zenye vifuniko, na jiko alilolijenga mwenyewe kwa matofali ya saruji nyuma ya nyumba. Ni fundi magari mstaafu. Namwandika yeye kwa sababu sijaona kazi nyingine ya mikono ambayo ustadi wake umekaa kwa kiasi hiki katika kujizuia.

Mmepo haugemwi kabla shina lake halijafikia upana wa sentimita 25 hivi, na kufika hapo huuchukua miaka 40 au zaidi. Kupima hana haja ya rula. Ana kamba yenye fundo, huizungusha shinani usawa wa kifua. Ncha ikilifikia fundo, mti bado mtoto, anaupiga kofi moja la kirafiki na kupita. Mti mnene kabisa unaweza kubeba ndoo mbili bila madhara. Yeye huutundikia moja. Na tundu la mwaka huu haliwekwi jirani na la mwaka jana: husogezwa kando kiasi cha kiganja, na kupandishwa au kushushwa, hivi kwamba ukilizunguka shina la mmepo wake wa zamani utaona makovu yamepangika kwa mzunguko, mengi kuliko unavyoweza kuyahesabu.

Burlington na Winooski, miji iliyo karibu na hapa, Kiswahili si lugha ngeni. Familia nyingi kutoka Kongo zimehamishiwa huku, na sokoni utasikia mtu akimwita mwenzake kwa lafudhi ya Kivu. Siku moja nilikwenda kwa jirani pamoja na mama mmoja wa Uvira aliyetaka kuona hiyo miti inayotoa sukari. Alitazama keekee ikizama, akaguna, akauliza, "Muzee, mti hauumii?" Nikamfasiria. Mzee hakucheka. Alimwonyesha kovu la zamani, mama akaweka kidole juu yake, na ndipo nilipopata somo ambalo sikuwa nimelisoma popote.

Mti haukiponyi kidonda kama mwili unavyoponya. Unakifungia. Nyuma ya kila tundu, mbao iliyo juu na chini yake hubadilika rangi, ukanda mwembamba mrefu unaozungushiwa ukuta ndani kwa ndani, kisha mti huota mbao mpya juu yake. Mdomo wa tundu huziba baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu kulingana na afya ya mti. Lakini ukanda ule umekufa moja kwa moja. Hautapitisha tone tena. Kwa hiyo swali la mama lina jibu la kihesabu: mti hauumii mradi mbao mpya unayoiota kila mwaka ni nyingi kuliko ile unayoiua kwa tundu lako. Anayetoboa matundu matatu kwenye mti wa tundu moja anakula mtaji. Ndiyo maana ya tundu dogo. Zamani walitumia la milimita 11, wakaja kugundua kwamba la 8 hutoa maji karibu yaleyale kwa jeraha dogo zaidi.

Baada ya keekee huja mrija wa bati, ambao hupigwa nyundo ndogo kwa upole. Hapa sikio ndilo linalofanya kazi. Mapigo ya kwanza hulia juu, makavu. Halafu ghafla sauti hushuka na kuwa nzito, na hapo nyundo huwekwa chini. Ukiongeza pigo moja la ushindi, mbao hupasuka wima na maji yatavuja pembeni msimu mzima.

Kuanzia hapo hakuna anachoweza kufanya ila kungoja. Sisi wa pwani tumezoea mgema mwenye mamlaka juu ya mti wake. Mgema wa mnazi hupanda asubuhi na jioni, hulichega karara kwa kotama, kipande chembamba tu, na ule mkato mpya ndio unaofanya tembo liendelee kudondoka. Akilala siku kadhaa, kidonda hukauka. Mmepo hausikii kisu. Unasikia hali ya hewa. Unataka usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, chini ya sifuri kisha nyuzi nne, tano, sita juu yake, na kurudi tena chini. Usiku ukiwa na joto, ndoo tupu. Mchana ukiganda, ndoo tupu.

Sababu yake imo ndani ya mbao. Katika miti mingi nyuzi za mbao zimejaa maji. Za mmepo zimejaa gesi, na mishipa ya maji inapita katikati yake. Baridi ikishika usiku, gesi hiyo hunywea, barafu hujijenga ndani ya nyuzi, na mti hufyonza maji kutoka mizizini kujaza pengo. Jua likipiga asubuhi, barafu huyeyuka, gesi hutanuka, shinikizo hupanda shinani, na maji hutafuta upenyo. Upenyo ni lile tundu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Vermont, Jones, Edson na Morse, walichapisha uchunguzi wao mkubwa juu ya mtiririko huu mwaka 1903, na mpaka leo wataalamu hujadiliana kuhusu mchango wa sukari yenyewe katika kulisukuma hilo shinikizo. Jirani yangu hajali mjadala. Yeye hutazama kipimajoto cha dirishani kabla ya kulala, na kingine cha upande wa kusini wa ghala akiamka.

Wazee wa jimbo hili walizoea kuanza kutoboa karibu na Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ambayo miji ya Vermont hukutana kupitisha bajeti na kugombana juu ya barabara. Miaka hii ya joto wengi huanza Februari. Msimu wote ni wiki nne hadi sita, na ndani yake siku za maji mengi ni chache. Lazima uwe tayari wakati wowote zijapo. Ndoo zimeoshwa, kuni zimekauka tangu mwaka juzi, trei imesuguliwa. Nusu ya ufundi huu hufanyika kiangazi, kwa shoka, wakati hakuna anayekumbuka asali.

Ukiyaonja maji yenyewe, utaona utamu wa kutilia shaka. Ni angavu kabisa, na sukari iliyomo ni asilimia 2 hivi. C. H. Jones, mkemia yuleyule wa Vermont, aliwaachia wagema kanuni ambayo kila mmoja anaijua kwa moyo: chukua 86, gawanya kwa asilimia ya sukari, utapata ni lita ngapi za maji za kuchemshwa zikupe lita moja ya asali. Sukari ikiwa 2, ni lita 43. Ikiwa 3, ni kama 29. Mti uliosimama peke yake uwanjani, wenye matawi mapana yaliyokunywa jua kiangazi chote, huwa mtamu kuliko ndugu yake aliyebanwa msituni, na tofauti hiyo ya asilimia moja ni theluthi ya kuni zako. Yule mgema wa methali alisifiwa akalitia tembo maji. Huyu wa Vermont sifa yake yote ni kuyatoa.

Nayo hayangoji. Vijidudu huanza kazi mara tu tone linapotua kwenye ndoo, kwa hiyo mapipa yake huyazika kwenye theluji upande wa kaskazini wa nyumba, usiopata jua, na hachelewi kuwasha moto. Huchemshia nje. Mtu anayejaribu kuugeuza mvuke lita 40 za maji ndani ya jiko la nyumbani atabandua karatasi za ukutani na kuishi na dari inayonata.

Chombo ni trei pana ya chuma kisichoshika kutu. Upana ndio siri. Maji hutoka kwa uso wake, hivyo sufuria ndefu ya kwenda juu itakukalisha hadi alfajiri. Kuni ni nyembamba, za unene wa kifundo cha mkono, kavu kabisa, na hulishwa kidogokidogo, kila baada ya dakika chache. Gogo kubwa hupendeza kwenye moto wa kuota, lakini hapa huzima mchemko likiingia na kuunguza trei likishika. Mama wa Uvira, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu, aliinuka, akachungulia mlango wa jiko, akavuta kijiti kimoja kilichobanwa katikati ya vingine na kukilaza mshazari. Moto ukavuta pumzi. Mzee akamtazama, akamsogezea rundo la kuni, na tangu dakika hiyo moto ukawa wa mama.

Maji mapya hayamwagwi treini kwa ndoo, kwa sababu mchemko utakufa na kuchukua muda kufufuka. Amening'iniza kopo juu ya pembe moja ya trei, limetobolewa chini, likidondosha uzi mwembamba unaolingana na mvuke unaopanda. Kulinganisha huko ndiko anakokushughulikia jioni nzima: uzi ukizidi, mchemko hulegea, ukipungua, kina kinashuka, na kikishuka chini ya sentimita chache, asali huungua mbele ya macho yako na trei huharibika pamoja nayo. Povu likipanda ghafla, kama linavyopenda kupanda, hulitia siagi kiasi cha ncha ya kisu, na lote hulala. Wazee walitundika kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya trei, kikiguswa na povu kilijishughulikia chenyewe.

Saa za kuchemsha ni ndefu na ndizo za mazungumzo. Wenyewe wa kazi hii ni wenyeji wa asili wa huku: Waabenaki, Wahaudenosaunee, Waanishinaabe na majirani zao, waliokuwa na kambi za kugema zilizorithiwa kifamilia. Wao hawakuishia kwenye asali; walichemsha mpaka sukari kavu, wakaihifadhi kwenye vyombo vya maganda ya mti, kwa sababu sukari kavu hubebeka na haivundi. Walijua pia kuyaacha maji yagande usiku na kuitupa barafu asubuhi: barafu ni maji matupu, na utamu hubaki kwenye kilichokataa kuganda. Jirani yangu hufanya hivyo hadi leo, na humpunguzia kuni nyingi tu.

Halafu kuna kisa cha mwaka 1791. Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson barua ndefu akiusifu mmepo kwamba sukari yake, inayotengenezwa na familia huru, ingeweza kuiondoa sokoni sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi iliyolimwa na watumwa. Jefferson alipendezwa, akapanda mimepo shambani kwake Monticello, Virginia, shamba lililokuwa likilimwa na watumwa wake mwenyewe. Miti haikustawi. Anayetoka bonde la Pangani, ambako karne ya 19 miwa ilikatwa na kuchemshwa kwa mikono ya watumwa, hawezi kuisoma barua ile kwa wepesi. Rush alikuwa na hoja juu ya mikono, ila hesabu ilimshinda: hakuna nchi itakayojaza mabakuli yake ya sukari kwa lita 43 kwa moja.

Usiku unapoingia, rangi hubadilika. Ladha ile ambayo watu wanaifahamu haimo kwenye mti. Huzaliwa treini, moto unapokutanisha sukari na vile vitu vichache vingine vilivyomo majini. Mchemko nao hubadilika, matone makubwa ya uvivu huwa vipovu vidogo vingi vinavyosukumana. Hapo huihamisha asali kwenye sufuria ndogo na kuiweka juu ya jiko la gesi, kwa sababu moto wa kuni hauzimwi kwa kidole, na sasa dakika zina thamani.

Kiwango kinajulikana: asali imeiva ikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya joto linalochemsha maji. Wengi huandika 104 na kutulia. Lakini maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila siku wala kila mahali. Mwinuko na shinikizo la hewa huyasogeza. Kwa hiyo kila jioni ya kumalizia, kabla ya chochote, hutia maji ya bomba kwenye kikombe cha bati, huyachemsha, huchovya kipimajoto na kuiandika namba kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Kisha huongeza nne. Mbao hiyo ina safu za namba za miaka mingi, mojamoja zikitofautiana kwa nusu nyuzi. Nusu nyuzi si mzaha. Sukari ikiwa chini ya asilimia 66, chupa itaota ukungu; ikipanda kukaribia 69, fuwele zitatua kitakoni.

Hata hivyo kipimajoto ni shahidi tu, hukumu hutolewa na upawa. Huuchovya, huuinua juu ya mvuke, huuinamisha. Mwanzoni matone huanguka mojamoja. Baadaye matone mawili hutambaa ukingoni, hukaribiana, hayaanguki. Hungoja. Yakiungana na kushuka kama kitambaa kimoja kipana kinachokatika, mkono wake wa pili tayari uko kwenye swichi ya gesi. Nimemtazama usoni wakati huo badala ya kuutazama upawa: hapepesi macho. Kumetoka maji pipa zima kwa siku nzima, na uamuzi wa kuacha ni wa sekunde.

Kuchuja ni haraka. Madini yaliyokuwa majini hujikusanya kuwa chembechembe ngumu, mchanga wa sukari wauitavyo, na asali hupitishwa ikiwa moto kwenye mfuko wa kitambaa kizito cha sufi, kisha kwenye chupa ikiwa bado na nyuzi 82 au zaidi, kifuniko juu, chupa inalazwa ubavu ili joto liue kilichobaki shingoni.

Viwanda vikubwa vina njia nyingine: maji hupitishwa kwanza kwenye mashine za utando zinazoondoa sehemu kubwa ya maji kabla ya moto, na jimbo la Quebec, Kanada, peke yake hutoa karibu asilimia 70 ya asali yote ya mmepo duniani. Si asali mbaya. Ningesema uongo nikidai ulimi wangu huitambua kila mara.

Msimu hauishi kwa tarehe. Vitumba vikianza kuvimba matawini, maji hubadilika na asali hupata ladha mbaya isiyoondoka kwa kuchuja wala kuchemsha. Wazee husikiliza vyura wadogo wa kinamasini. Wakianza kuimba, huchomoa mirija. Jirani hafikishi huko. Huacha maji ya siku za mwisho yamwagike, ingawa yangempa chupa mbili tatu, na haiambii miti asante wala haizibi matundu kwa kitu: kuzibiwa hakuusaidii mti.

Chupa hupangwa dirishani kwa mfuatano wa kuchemshwa. Tangu 2014 Vermont huzigawa kwa madaraja manne ya rangi, kutoka dhahabu hadi nyeusi. Za mwanzo wa msimu ni nyepesi. Kadiri joto linavyopanda, vijidudu huivunja sukari kuwa sahili zaidi, nayo hukolea rangi haraka motoni. Zamani nyepesi ndiyo iliyokuwa na hadhi na bei, na mzee bado ana kasumba hiyo. Mgeni wa heshima humpa ya dhahabu. Alimpa mama wa Uvira chupa ya kwanza kabisa ya mwaka, ya siku ile aliyotunza moto. Mama akaonja kwa kijiko, akashukuru kwa adabu, akanigeukia. "Hii ni maji tu. Muulize kama ile nyeusi anaiuza."

Haiuzi. Alimpa mbili, na ile ya dhahabu akairudisha dirishani bila kuonyesha kwamba ameumia.